Munganga si Mganga: Wanachofundishwa Watu wa Kujitolea Kabla ya Kumsindikiza Mhamiaji Hospitali

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kujitolea lilikuwa la neno moja, tena neno nililolijua tangu utotoni. Nilimsindikiza kliniki mama mmoja wa Kibembe, mzaliwa wa Fizi mashariki mwa Kongo, aliyekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Simu ya mkalimani ilikatika katikati ya mazungumzo, daktari alikuwa na foleni, akanigeukia mimi. Mama akasema, "Munganga alinipatiaka dawa ya presha, ikaniishia njiani."

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu mganga ni wa hirizi na kombe. Wa hospitali ni daktari. Nikamfasiria daktari kwamba mama alikuwa akitumia dawa za mganga wa kienyeji. Akaandika. Kisha akaanza kuuliza: majani gani? Mizizi? Ilichemshwa au ilisagwa? Kila swali nililolirudisha kwa Kiswahili lilimzidishia mama mshangao, mpaka akafungua pochi akatoa karatasi ya vidonge, mashimo yote matupu, jina la dawa limechapwa kwa nyuma. Ilikuwa amlodipini, dawa ya presha ya kawaida kabisa.

Mashariki mwa Kongo munganga ni daktari, au nesi, au yeyote anayetibu watu hospitalini. Tanzania nao hadi leo daktari mkuu wa nchi anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na kila kituo cha afya kina mganga mfawidhi wake. Sisi wa upande wa Kenya ndio tuliomwachia neno hilo mtu wa ramli. Nilikuwa nalijua jambo hili kama mtu anavyojua habari za redioni, lakini ndani ya chumba kile halikunijia. Na pale ndani mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa mjuzi wa utamaduni, kwa sababu tu ni Mwafrika anayesema Kiswahili.

Kisa hicho ndicho kilichonipeleka kwenye mafunzo niliyokuwa nimeyakwepa kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nimejiambia ni ya Wazungu wa kanisani, wale wenye moyo mzuri wasiojua Kongo iko upande gani wa ramani. Ninachotaka kueleza hapa ni mafunzo hayo yana nini ndani, yalitoka wapi, na kwa nini sisi tunaosema lugha ya mgonjwa tunayahitaji sawa na wao, pengine zaidi.

Kiswahili wengi tunayaita mafunzo ya umahiri wa kitamaduni. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Linamfanya mtu adhani atafundishwa tamaduni kama jiografia: Wasomali wako hivi, Wakongo wako vile, Waafghani wana hili na lile, halafu jioni apewe cheti. Nimeketi katika mafunzo ya aina hiyo pia. Tuligawiwa karatasi yenye safu mbili, taifa upande mmoja na "mambo ya kuzingatia" upande wa pili. Kwa Wakongo iliandikwa kwamba kwa heshima hawamtazami mtu machoni. Alikuwepo mzee mmoja wa Kikongo aliyealikwa kuzungumza nasi. Akaisoma karatasi taratibu, akaikunja, akamkodolea macho mwalimu mpaka mwalimu mwenyewe akaangalia chini. Ukumbi ulicheka sana, ila karatasi hiyo, kwa nijuavyo, ingali inagawiwa.

Wazo la asili halikuwa hilo. Mwaka 1989 Terry Cross na wenzake waliandika taarifa iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Georgetown kuhusu watoto wa jamii za wachache wenye matatizo mazito ya kihisia. Walieleza umahiri wa kitamaduni kuwa ni mwenendo, mitazamo na sera zinazopatana ndani ya taasisi, kiasi cha kuiwezesha taasisi hiyo kuhudumia watu wa tamaduni mbalimbali ipasavyo. Neno la kushika hapo ni sera. Aliyekuwa akipimwa ni taasisi: fomu zake ziko katika lugha gani, nani ameketi mapokezi, mgonjwa asiyejua Kiingereza akipiga simu inapokelewaje. Mwaka 2000 wizara ya afya ya Marekani ilitoa viwango vya kitaifa vya huduma zinazozingatia utamaduni na lugha, na mwaka 2013 ikavirekebisha vikawa 15. Ukivipitia utakuta vinazungumzia uongozi, ajira, ukalimani, na namna ya kupokea malalamiko. Hakuna kinachosema Wakongo hawatazami machoni.

Hatari ya karatasi za safu mbili ilionyeshwa vizuri mwaka 1998 na madaktari wawili wa California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García. Walisimulia habari ya nesi aliyekuwa akimhudumia mama wa Kilatino aliyetoka kupasuliwa. Daktari, Mlatino pia, akapita akasema mgonjwa huyu anaonekana ana maumivu makali. Nesi akajibu kwamba yeye amesoma kozi ya tamaduni chuoni na anajua Walatino hupenda kuyakuza maumivu. Mama akaendelea kuugua kitandani. Nesi yule alikuwa amesoma, na kilichomzuia kumwona mama aliye mbele yake ni kile alichosoma. Tervalon na Murray-García wakapendekeza lugha nyingine, unyenyekevu wa kitamaduni: kujichunguza usikome, kukubali kwamba mgonjwa ndiye mwalimu wa maisha yake, na kukumbuka kwamba kati ya daktari na mgonjwa mmoja ana nguvu zaidi. Mafunzo mengi mazuri ya sasa yamejengwa juu ya hapo, hata yale yanayoendelea kutumia jina la zamani.

Basi kama hufundishwi mila, unafundishwa nini? Zaidi ya yote, kuuliza. Chombo kinachotumika mara nyingi kinatoka kwa Arthur Kleinman, daktari wa akili aliye pia mwanaanthropolojia, ambaye mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha maswali ya kumuuliza mgonjwa ili ujue yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake. Unadhani umesababishwa na nini? Kwa nini ulianza pale ulipoanza? Unakufanya nini mwilini? Unaogopa nini zaidi juu yake? Ungependa upewe matibabu gani? Ni maswali mepesi, na kwa Kiingereza yanatiririka. Jaribu sasa kumuuliza mzee wa kwetu. "Mzee, wewe unadhani tatizo lako ni nini?" Atakutazama kwa huruma. "Mwanangu, daktari si yeye? Mimi nitajuaje?"

Nimeliona jambo hili mara nyingi mpaka naamini maswali ya Kleinman hayatafsiriki moja kwa moja, yanahitaji kuzungushwa. Uliza hivi: kule nyumbani mtu akiwa na hali hii watu husema ana nini? Bibi yako angemfanyia nini? Hapo mzee anafunguka, kwa sababu anawasemea wengine, na hajajipa udaktari mbele ya daktari. Atakwambia hii ni presha imepanda, au ni chango, au ni mawazo, au mtu kalishwa sumu.

Hilo la sumu linataka tulikalie kidogo. Katika nchi zote za Maziwa Makuu, mtu aliyekonda kwa miezi, anayeumwa tumbo lisilopona, husemwa amelishwa sumu, na anayeshukiwa kwa kawaida ni jirani au mke mwenza. Kwa daktari wa Magharibi anayesikia fasiri ya neno kwa neno, sumu ni jambo la dharura na la polisi. Marekani ina kesi yake inayosimuliwa karibu katika kila mafunzo. Mwaka 1980, kusini mwa Florida, kijana wa miaka 18 aitwaye Willie Ramirez alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Jamaa zake, watu wa asili ya Kuba, walisema kwa Kihispania kwamba yu *intoxicado*, wakimaanisha amekula au kunywa kitu kikamdhuru. Madaktari wakasikia kwamba amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe alikuwa akivuja damu kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilifika kama dola milioni 71. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu kila mmoja aliamini amelielewa neno lile.

Ninapoisimulia kesi hiyo kwa Waswahili wenzangu huwaambia wabadilishe neno tu, waweke sumu, au homa, au malaria. Wengi wetu tunaita malaria kila homa ya kutetemeka. Mgonjwa anayesema "nimeshaugua malaria mara tatu mwaka huu" baada ya kukaa Ohio mwaka mzima atamchanganya daktari vibaya sana, kumbe anasema amepata homa mara tatu.

Upande wa pili wa mafunzo ndio ninaoupenda mimi, nao haupewi muda wa kutosha: hospitali nayo ina kabila lake. Ina salamu zake, miiko yake, kalenda yake, na lugha ya ndani ambayo hata Mmarekani aliyezaliwa hapo haielewi vizuri. Mtu wa kujitolea anafundishwa kuitazama hospitali kwa jicho la mgeni ili aweze kumweleza mgeni.

Chukua neno dozi. Tulikotoka, dawa ni dozi, na dozi ina mwisho. Unapewa vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi, unaambiwa kutwa mara tatu siku tano, unamaliza, umepona. Ukitaka kumsifu mgonjwa unasema amemaliza dozi. Sasa mtu huyo anapewa chupa ya vidonge 30 vya presha au vya sukari. Anavimeza kimoja kimoja kwa utiifu mkubwa, siku ya thelathini anamaliza, anaiosha chupa na kuweka ndani yake shanga au vifungo. Miezi mitatu baadaye daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati matibabu. Kumbe amefuata mpaka tone la mwisho! Hakuna aliyemwambia kwamba dozi hii haina mwisho, na kwamba kabla vidonge havijaisha inabidi apige simu duka la dawa, asikilize sauti ya mashine, abonyeze namba, kisha arudi kuchukua vingine. Duka lenyewe liko mtaa mwingine kabisa, tofauti na zahanati ya kwao ambako dirisha la dawa liko hatua kumi kutoka kwa daktari.

Saa ni balaa jingine. Baba mmoja aliletewa barua iliyotafsiriwa na mashine. Miadi ilikuwa saa nane mchana, yaani 2:00 kwa saa ya Kizungu, na mashine ikaandika "saa 2". Alifika saa mbili asubuhi, koti zuri, viatu vimepigwa rangi, akakaa saa sita. Alipoitwa hatimaye alikuwa amekwisha kuamini kwamba amewekwa pale kwa makusudi. Tangu hapo ninapoandika miadi ya mtu naandika tarakimu kama zilivyo kwenye simu yake, kisha naongeza "mchana, baada ya chakula". Tarehe pia: Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 04/09 ni tarehe 9 Aprili, na kwetu sote ni tarehe 4 Septemba.

Kuna jambo la majina. Katika familia ya Kikongo ndugu watano wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matano tofauti, hakuna la ukoo linaloshirikiwa, na karani wa mapokezi anauliza huyu mtoto ni wa nani. Kuna la tarehe ya kuzaliwa: wakimbizi wengi sana wameandikiwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa siku halisi haikuandikwa popote, na ofisa wa kambi alihitaji kujaza nafasi. Ukipiga simu kliniki ukasema jina lisilo la ukoo na tarehe 1 Januari, jiandae kusubiri.

Na kuna damu. Mkimbizi anapofika hufanyiwa uchunguzi wa afya, na damu inayochotwa si chupa moja, ni kadhaa zimepangwa kwenye sinia na vifuniko vya rangi rangi. Nesi anaona ratiba ya vipimo. Bibi aliyekulia Afrika Mashariki anaweza kuona kitu kingine. Tangu enzi za ukoloni tumekuwa na hofu ya mumiani, watu wanaosemwa hunyonya damu za watu kwa ajili ya dawa. Katanga nako waliitwa batumbula. Vijana wa leo wanacheka. Hata hivyo nimemsikia bibi akiuliza, kwa sauti ya chini sana, "Hii yote wanaipeleka wapi?" Swali hilo lina jibu la kweli na fupi: chupa hii ni ya sukari, hii ya maini, hii ya kuangalia kifua kikuu, na zote tano hazijai kikombe cha kahawa. Aliyefundishwa vizuri humwomba nesi aeleze hivyo kabla ya sindano. Asiyefundishwa humwambia bibi asiogope, na bibi anazidi kuogopa.

Kuhusu bili nitasema machache tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inailazimu hospitali yenye idara ya dharura kumwangalia na kumtuliza kila anayefika na hali ya dharura, awe na pesa asiwe nazo. Watu wetu waliozoea kuulizwa hela kabla ya kitanda wanaisikia habari hii kwa furaha, wakidhani maana yake ni bure. Bili huja baadaye kwa posta. Kabla yake huja barua nyingine ya bima, yenye jedwali la dola mia kadhaa, na mahali fulani imeandikwa kwamba hii si bili. Najua baba aliyekosa usingizi siku nne kwa barua hiyo.

Sasa tuje kwenye mpaka, sehemu inayoleta ugomvi zaidi darasani. Mtu wa kujitolea anayesindikiza wagonjwa si mkalimani. Hata kama anazijua lugha zote mbili. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, katika kifungu chake cha sita, inakataza ubaguzi wa asili ya taifa kwa yeyote anayepokea fedha za serikali kuu, na kumnyima mtu lugha kumehesabiwa kuwa ni ubaguzi wa aina hiyo. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, kifungu cha 1557, imekwenda mbali zaidi: hospitali itoe mkalimani mwenye sifa, bila malipo, wala isimdai mgonjwa aje na wake, na mtoto asitumiwe kufasiri isipokuwa kwa dharura. Mwezi Machi 2025 Rais Trump alikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kufuta amri ya mwaka 2000 ya Rais Clinton iliyozitaka ofisi za serikali kuhudumia wasiojua Kiingereza. Baada ya hapo nilisikia watu wetu wakiambiana kwamba wakalimani wamefutwa hospitalini. Si kweli, sheria hizo mbili zilipitishwa na Bunge na amri ya rais haizifuti.

Ndiyo maana katika mafunzo tunafanyishwa zoezi la sentensi moja, watu wawili wawili, mmoja akiwa karani mkorofi: "Tunaomba mkalimani wa Kiswahili, tafadhali. Tutasubiri." Unairudia mpaka ikutoke mdomoni bila aibu. Kwa Mswahili aliyelelewa asimsumbue mwenye nyumba, kusema "tutasubiri" huku watu watatu wako nyuma yako ni kazi ngumu kuliko unavyodhani.

Suala la watoto huwa nalieleza kwa mfano. Binti wa miaka 12, Kiingereza chake kimenyooka, yuko chumbani na mama yake ambaye mimba imetoka. Mama wa kwetu hatataja kiungo mbele ya mwanawe. Atasema tumbo akimaanisha kizazi, atasema mgongo, atasema "huko chini hakuko sawa". Binti atafasiri tumbo kuwa tumbo, na daktari atamwandikia mama dawa ya kiungulia. Tafsida zetu ni za adabu, zinaeleweka vizuri kati ya watu wazima wa rika moja na jinsia moja, na zikipita kwa mtoto zinageuka upofu. Vivyo hivyo baba aliyepungukiwa nguvu za kiume hatalisema hilo kupitia kwa kijana wa jirani, hata umuulize mara saba.

Wenzangu wanaosema Kiswahili hulalamika hapa. Kwa nini niketi kimya wakati nasikia mkalimani wa simu anakosea? Ni lalamiko la haki, nami nimelitoa. Jibu nililopewa, na ambalo nimelikubali shingo upande, ni kwamba unaweza kunyoosha mkono ukasema, "Samahani, nadhani neno hilo lina maana mbili, naomba mama aulizwe tena." Hapo umefanya kazi yako. Ukimpokonya mkalimani mazungumzo umeanza kazi ya mtu mwingine, bila mafunzo yake wala kiapo chake cha siri.

Siri nayo ni kubwa kuliko tunavyokiri. Mji wenye Wakongo mia tano ni kijiji. Anayekusindikiza kliniki ndiye anayeongoza kwaya, mkewe anasukwa nywele na dada yako. Mgonjwa mwenye virusi vya ukimwi, au msichana mwenye mimba, anaweza kumtaka mkalimani wa simu aliye jimbo la mbali asiyemwona uso, na ukijitolea kwa moyo mkunjufu kuingia naye chumbani unamfungia mdomo. Halafu kuna vita. Aliyekimbia Minembwe na aliyekimbia Fizi, sehemu jirani za Kivu Kusini ambako jamii zimepigana, wanaweza kuketi chumba kimoja cha kusubiri, wote wakisema Kiswahili, kila mmoja na wafu wake. Mmarekani hawezi kulijua hilo kwa kutazama. Wewe unaweza kulihisi kwa jina au kwa lafudhi, na unachofundishwa ni kumuuliza mgonjwa faraghani, mapema: ungependa nani akae nawe ndani?

Magonjwa ya moyo wa mtu, yaani ya akili, yana shida yake ya msamiati. Kuna dodoso la maswali ya kuchunguza dalili za magonjwa hayo linaloitwa RHS-15, lililotengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi, na lina tafsiri ya Kiswahili. Ni chombo kizuri. Shida huanza mtu anapotaka kueleza matokeo. Kile Waingereza wanachokiita depression, Tanzania waliandika sonona kwenye kamusi, Kenya wanasema unyogovu, na sijawahi kukutana na mgonjwa aliyelitumia neno lolote kati ya hayo. Wanasema wana mawazo. Kichwa kimejaa. Moyo unakimbia, usingizi hauji, mwili wote unauma. Mkalimani asiyejua huyatoa "mawazo" kama fikra za kawaida, na daktari anaandika kwamba mgonjwa anafikiri sana, kama mwanafalsafa. Huku upande wa pili, mwambie mtu aende kwa daktari wa akili uone atakavyokurukia: "Mimi nina wazimu?" Nimejifunza kusema mtu wa kuzungumza naye kuhusu usingizi na mawazo. Kliniki nyingi zinakubali tuseme hivyo, mradi tusidanganye huyo ni nani.

Na lile "ndiyo" letu. Daktari anaeleza dakika tano, mgonjwa anaitikia ndiyo, ndiyo, asante daktari. Anaitikia heshima, anaitikia kwamba anakusikia. Kwa hiyo tunafundishwa kutomuuliza kabisa kama ameelewa. Tunamwomba arudie kwa maneno yake, na tunalitupa kosa upande wetu ili asione anatahiniwa: "Mama, huenda hatukueleza vizuri. Ukifika nyumbani mzee akikuuliza dawa hii unaimezaje, utamwambiaje?" Mara nyingi ndipo unagundua kwamba kati ya yote yaliyosemwa, kilichobaki ni rangi ya kidonge.

Haya yote yanahitaji muda, na muda umepunguzwa. Katika mwaka wa fedha 2024 Kongo iliongoza kwa wakimbizi waliopokelewa Marekani, karibu watu 20,000. Januari 2025 mpango mzima ukasimamishwa. Wakati huohuo msaada wa matibabu kwa wakimbizi wasiostahili bima ya kawaida ya serikali, uliokuwa wa miezi 8 kwa miaka mingi na kuongezwa hadi 12 mwaka 2021, ulishushwa hadi miezi minne kuanzia Mei 2025. Miezi minne haimtoshi mtu kujua basi gani linafika kliniki. Pale nilipo, mafunzo yaliyokuwa ya Jumamosi mbili sasa ni ya asubuhi moja, na nionavyo mimi kilichofaa kukatwa ni ile karatasi ya safu mbili, ili zoezi la "tutasubiri" libaki.

Mama wa Fizi bado namsindikiza. Presha yake imetulia, na chupa yake ya dawa ina jua na mwezi vilivyochorwa kwa kalamu nyeusi. Tukiwa tunangoja kuitwa huwa ananipiga mtihani.

"Mutoto yangu, nikisema munganga, leo utasema nini?"

"Daktari, mama."

"Na kama alikuwa nesi?"

Hapo huwa nanyamaza, naangalia kama simu ya mkalimani imeshaunganishwa.